Ng'ombe Hawa Msiwale

Kwetu Butiama ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka msichana mwenyewe aulizwe. Wanafungwa nje ya uzio, wazee wanakaa kwenye viti vya kuazima, soda zinafunguliwa, watu wanasifiana mpaka wanachoka, lakini kamba haifunguliwi. Lazima shangazi aingie chumbani alikokaa binti, amuulize, "Ng'ombe hawa tuwale?" Binti akijibu "Waleni," shangazi anatoka na vigelegele na sherehe inaanza. Mimi Rhobi nimewauliza hivyo mabinti wote wa kaka zangu. Wengine walinijibu hata sijamaliza kufunga mlango.

Wegesa alinitazama usoni akasema, "Msiwale."

Nyie acheni tu. Nilikaa kitandani, juu ya nguo zake alizozinyoosha vizuri.

"Sijasikia," nikamwambia.

"Umesikia, shangazi. Ng'ombe hawa msiwale."

"We mtoto! Unajua huko nje kuna nani? Yuko Masatu! Masatu wako! Si Stanslaus yule wa duka la simu aliyekuwa anakufuatafuata, hapana, ni Masatu uliyemlilia kwangu Bunda mpaka ukakataa kula!"

"Najua ni yeye," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Nimechungulia dirishani. Amevaa tai."

Basi ngoja niwaambie hawa watu ni nani, kwa sababu mapenzi yao mimi niliyaona tangu yanachipua.

Wegesa ni mtoto wa kwanza wa kaka yangu Samwel, bwana shamba mstaafu, mtu mnyoofu sana na mgumu sana. Binti huyu Mungu alimpa mkono. Kule Musoma, mwaloni wanapotia nanga wavuvi, kila mtumbwi mpya unaandikwa jina kabla haujaingia majini, na mtu wa kuandika alikuwa yeye. Anakaa kwenye mchanga na makopo yake ya rangi, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo, anachora herufi mpaka wavuvi wanasimama kuangalia. Mwishoni kabisa anaweka ndege mdogo mwekundu, ndiyo sahihi yake. Hao ndege mtawakuta mpaka kisiwani Rukuba.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda mwaloni kuchukua dagaa wa mgahawa wangu. Nikamkuta Wegesa anaandika ubavu mmoja wa mtumbwi, na upande wa pili yuko kijana wa Kijita, amevaa kaptula, kifua wazi, anaziba nafasi za mbao kwa pamba huku anapiga mluzi. Jamani, ule mluzi! Haukuwa wimbo wa mtu yeyote. Ulikuwa unapanda na kushuka kwa kufuata mkono wake. Wegesa akasimama, akatazama juu ya ule mtumbwi, na yule kijana naye akainua kichwa. Mluzi ukakatika. Wakatazamana hapo juu ya mbao mbichi, na mimi nikajua dagaa wangu watasubiri.

"Mbona umenyamaza?" Wegesa akamuuliza.

"Nimesahau nilikuwa nimefika wapi," kijana akajibu.

Huyo ndiye Masatu. Sijawahi kuona mtu anaipenda kazi yake namna ile. Anaweza kukushika mkono akakupeleka ukapapase ubao, eti uone ulivyolainika. Wegesa naye hivyohivyo, ukimpa kopo la rangi anasahau njaa. Walipokuwa pamoja mwaloni, hata mimi mtu mzima nilikuwa natafuta sababu ya kupita.

Shida ikawa kaka yangu. "Binti yangu haolewi na mtu wa kaptula," alisema. "Atafute kazi ya mshahara, ajinyime, ajenge. Na wewe Wegesa, ukiolewa hayo makopo uyaache. Mke wa mtu hakai mchangani na wavuvi." Ndivyo alivyo Samwel. Kwake yeye kitu kisichouma hakina thamani.

Na wale vijana wakakubali! Masatu akaenda Bunda, akapata kazi ya ukarani kwenye ghala moja la saruji kule Manyamanyama, jirani na mgahawa wangu. Wegesa akaahidi kuacha brashi. Ukoo mzima ukawasifu. Tukasema hawa ndio vijana, wanajua kujitoa. Hata mimi nilisema, tena kwa sauti.

Sasa huyu hapa ananiambia ng'ombe msiwale.

"Shangazi," akasema, akashuka sakafuni karibu na magoti yangu. "Masatu anakulaga kwako kila siku?"

"Kila siku. Mchana, akitoka ghalani."

"Tangu ahamie Bunda, umeshamsikia akipiga mluzi?"

Nikavuta kumbukumbu. Nikamwona Masatu kwenye benchi langu, saruji imemkaa kwenye nyusi, anageuzageuza sato wangu kwenye sahani kisha ananishukuru na kuondoka. Mtu anayemwacha sato wangu! Nilidhani ana mawazo ya harusi.

"Hapana," nikasema.

"Juzi nilikuwa Musoma. Nilikwenda kuaga, nikasema niandike mtumbwi mmoja wa mwisho. Nikamkuta Leonardi, yule fundi mwenzake, anachonga kwa tezo ya Masatu."

"Labda amemwazima."

"Mpini wa ile tezo niliupaka rangi mwenyewe, shangazi. Nilimwekea ndege. Nikamuuliza Leonardi, akaona aibu. Masatu amemuuzia vyote. Tezo, randa, misumeno, mpaka ile nyundo ya marehemu baba yake. Ndiyo amenunulia hao ng'ombe. Mimi aliniambia amevitunza kwa mama yake."

"Amekupenda mpaka ameuza mikono yake," nikasema.

"Nani amemwambia mimi nataka mikono yake iuzwe?" Sasa alikuwa analia kabisa. "Mimi nilimpenda yule wa mwaloni. Huyu wa tai simjui. Aache kazi yake kwa ajili yangu, niache yangu kwa ajili yake, halafu tukakae Manyamanyama tunatazamana, kila mtu anasubiri mwenzake amshukuru! Nitamshukuru mpaka lini? Hayo ni mapenzi?"

"Kwa hiyo humtaki?"

"Namtaka mpaka naumwa, shangazi. Ndiyo maana nasema msiwale."

Nilimfuta machozi kwa ncha ya kitenge changu. Niliogopa, sitawaficha, maana kumpelekea kaka yangu jibu la namna ile mbele ya wageni si mchezo. Lakini chini ya ule woga nilikuwa namtazama huyu binti nikasema kimyakimya, kumbe ukoo wetu una mtu.

Nikatoka.

Watu wote wakageuka. Wale kina mama wa jikoni walikuwa wameshaweka ndimi tayari kwa vigelegele. Mshenga wa kina Masatu, mzee mmoja mcheshi anaitwa Hezron, akainuka nusu na soda yake.

"Haya, shangazi mtu, tuletee jibu tamu!"

"Nimeuliza," nikasema. "Amejibu msiwale."

Hata ng'ombe nje ya uzio nadhani walishangaa. Hezron akakaa tena, soda ikamwagikia suruali.

"Rhobi!" kaka yangu akafoka. "Umelewa?"

"Nimelewa soda? Kama huniamini mwite mwenyewe."

Lakini hakuna aliyehitaji kumwita. Wegesa alikuwa ameshatoka. Kwa desturi zetu binti hatoki mpaka aitwe, na akitoka anafunikwa kitenge, anainamisha kichwa. Yeye alitoka kichwa wazi, macho mekundu, akasimama mlangoni akimtafuta mtu mmoja tu.

Masatu akasimama. Tai ilikuwa imempinda. Uso wake sitausahau, mtu mzima anayejitahidi asianguke mbele ya wazee.

"Wegesa," akasema taratibu. "Nimekosa nini?"

"Tezo yako iko wapi?"

Nikamwona Masatu anamtazama Leonardi, na Leonardi, aliyekuja na msafara kama rafiki wa bwana harusi, anatazama viatu vyake.

"Nilifanya kwa ajili yako," Masatu akasema.

"Najua. Ndiyo inaniuma."

"Mzee alitaka ng'ombe. Alitaka kazi ya mshahara. Mimi ningefanya nini? Ningekuacha uende?"

"Ungeniambia!"

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Kama ninavyokataa sasa hivi!" Akapiga hatua mbili kuelekea kwake, kisha akakumbuka watu wamejaa, akasimama. Wakabaki hivyo, katikati yao mkeka mtupu, na mimi nawaambieni yale macho yalikuwa yanakumbatiana. "Masatu, ukiwa unajenga mtumbwi, ulikuwaga unachoka?"

"Nilikuwa nachoka."

"Na asubuhi?"

 Masatu akacheka kidogo, kacheko kenye maumivu. "Asubuhi nilikuwa nakimbia kwenda."

"Na ghalani?"

"Ghalani..." Akajishika tai. "Ghalani natazamaga saa."

"Mimi sitaki mume anayetazama saa kwa ajili yangu," Wegesa akasema. "Nitakuwa nakuonea huruma kila siku, na wewe utakuwa unanionea huruma mimi bila brashi. Chukua hawa ng'ombe, wauze, ukamrudishie Leonardi hela zake, uchukue zana zako. Halafu uje tena. Hata kama itachukua miaka, mimi nipo."

Leonardi akasema kwa sauti ndogo, "Mimi hata leo nampa."

"Nyamazeni wote!" Kaka yangu alikuwa ameinuka, mkongojo mkononi. "Nani ameweka masharti haya? Ni mimi! Mnanivunjia heshima kwenye boma langu? Mwanaume lazima ajinyime! Mimi nimezunguka vijiji kwa baiskeli miaka yote ile, jua langu, mvua yangu, sikujua raha. Nilijinyima kwa ajili ya mke wangu na wanangu, na hakuna aliyekufa!"

"Samwel."

Tukageuka. Alikuwa wifi yangu Getruda, kwenye mlango wa jiko, upawa mkononi unadondosha mchuzi. Huyu mwanamke sijawahi kumsikia akimtaja mume wake kwa jina mbele za watu. Huwa ni Baba Wegesa, siku zote. Ndiyo maana hata kaka yangu alishtuka.

"Na mimi niliulizwaga," Getruda akasema. "Kwetu, na shangazi yangu. Nikasema waleni. Unajua kwa nini nilikubali?"

"Mama Wegesa, kuna wageni..."

"Nakuuliza, Samwel. Ulikuwa na ng'ombe wembamba, na shati moja. Nilikubali kwa sababu ya litungu."

Wale vijana pengine hawakuelewa, lakini sisi wa umri wetu tulielewa. Kaka yangu alipokuwa kijana alikuwa anapiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi, na akilikamata mkononi hakuna harusi iliyolala mapema katika vijiji hivi. Mimi dada yake nilicheza mpaka visigino vikapasuka.

"Nilikuwa nakusikia kutoka ng'ambo ya kilima," Getruda akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nikawa naacha kuchota maji nasikiliza. Nikasema huyu ndiye. Halafu akazaliwa Wegesa, ukalifunga, ukalipandisha darini. Ukasema ni kwa ajili yangu na mtoto, sasa wewe ni mtu wa kazi. Hukuniuliza. Mimi sikukutuma, Samwel."

"Nimewalea," kaka yangu akasema. Sauti ilikuwa imemwisha.

"Umetulea vizuri sana. Watoto wamesoma, nyumba ina bati, sina malalamiko, na nikienda kanisani nakuombea. Lakini siku redio ikipiga litungu mimi hutoka nje nikasimama kwenye migomba. Hujawahi kujiuliza natoka kufanya nini?"

Jamani. Mzee Hezron alitoa leso. Mimi nililia wazi, sikujali wanja. Kaka yangu akarudi kwenye kiti chake polepole, akauweka mkongojo chini, akatazama mikono yake.  Kule nje ng'ombe mmoja akalia.

Hatimaye akainua kichwa. "Kijana," akasema.

"Naam, mzee." Masatu akapiga magoti palepale.

"Katika hao ng'ombe wote, hakuna hata mmoja uliyempata ukiwa na akili zako?"

Masatu akafikiri. Niliona kitu kinarudi kwenye uso wake, kidogo kidogo. "Yupo, mzee. Yule mwekundu, wa pembe iliyopinda. Nilijenga mtumbwi wa mtu wa Rukuba, akanilipa ndama. Nikamlea kwa mama mpaka akakua."

"Mtumbwi gani?" Wegesa akauliza haraka.

"Ule mkubwa. Ulioniambia tuuandike Tucheke Kidogo."

"Ule wa siku ya kwanza?"

"Huohuo."

Wegesa akaziba mdomo kwa viganja. Macho yake yalikuwa yanacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Masatu pale chini alimtazama kana kwamba hapakuwa na mzee wala mkeka wala mgeni. Nani angeweza kuwatenganisha hawa? Hata kaka yangu aliliona hilo, maana alikohoa akatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Haya," akasema. "Hao wengine warudi walikotoka. Uwauze, uchukue zana zako. Kilichobaki cha mahari utanilipa taratibu, kwa jasho la mitumbwi yako, mimi sifi kesho. Na huyu," akamnyooshea Wegesa kidole, "aendelee na makopo yake, maana nikimkataza naona mama yake atanihama. Ila kijana..."

"Naam, baba."

"Kwangu hapa usije na kaptula."

Kicheko kililipuka, Hezron ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini shughuli ilikuwa haijaisha, kwa sababu desturi ni desturi. Nikajifuta uso, nikasimama mbele ya Wegesa, safari hii hadharani.

"Mwanangu, huyu ng'ombe mmoja mwekundu, wa pembe iliyopinda. Tumle?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama Masatu, moja kwa moja, bila kitenge, bila aibu.

"Mleni," akasema. "Mleni hata leo."

Vigelegele vilivyopigwa, watu wa barabarani walisimama na bodaboda zao. Kamba ikafunguliwa, yule ng'ombe akaingia peke yake, pembe yake imeangalia pembeni, anatembea kwa madaha, na wenzake wakabaki nje wanatafuna majani.

Tulipokaa kula, Masatu akaomba ruhusa akanawe. Akazunguka nyuma ya nyumba, akavua tai, nikaona ameitundika kwenye kamba ya nguo. Mara mluzi ukaanza. Mwanzo ulikuwa mkavu, unakatikakatika, kama mtu anayetafuta njia gizani. Kisha ukashika, ukapanda na kushuka. Wegesa akaacha kugawa ugali, akafumba macho.

Hezron akaruka kwenye kiti, maana kupiga mluzi ukweni ni utovu wa adabu usioelezeka. "Nisamehe sana mzee, ngoja nikamnyamazishe mtoto wangu!"

"Mwache," kaka yangu akasema.

Alikuwa ameacha kula. Amegeuza sikio kule nyuma ya nyumba, na mkono wake wa kulia uko juu ya goti. Nikautazama ule mkono vizuri. Vidole vilikuwa vinadonoa suruali, kimoja kimoja, vinatafuta nyuzi.

Getruda naye aliviona. Akaweka bakuli la mboga chini katikati ya wageni, akaingia ndani bila kumwambia mtu. Nikasikia kigoda kinaburutwa chumbani, halafu dari ikalia, halafu kitu kizito kikagusa sakafu.

Akatoka amekikumbatia kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye kanga iliyochujuka, na vumbi limemjaa kichwani.